Siku Nambari ya Ini Ilipokataa Kushuka

Siku yangu ya kwanza kazini nilivunja chupa. Nilikuwa nimechukuliwa kibarua cha usafi katika maabara ya hospitali hapa Garissa, na mikono yangu ilizoea sufuria na kamba za mbuzi, si vioo vyembamba kama kidole cha mtoto. Chupa ilinitoka kwenye sinki ikawa vipande. Mkuu wa Maabara, Mtaita mrefu asiyecheka ovyo, akaja akasimama nyuma yangu. Nikajua nimefukuzwa hata chai ya saa nne sijanywa.

"Ilikuwa na damu ndani?" akauliza.

"Ilikuwa tupu."

"Basi umevunja kioo. Ingekuwa na damu, kuna mtu aliyetoka Balambala akatobolewa mkono bure, na wewe ndiye ungeenda kumwambia arudi."

Akanipa glovu, akanionyesha namna ya kuokota vioo kwa karatasi ngumu badala ya vidole, akarudi kwenye hadubini yake. Hakulitaja tena jambo hilo. Nimefanya kazi chini ya wakubwa wengi, na wengi wao wangelitaja kila wiki.

Mimi shule yangu ni darasa la tatu. Kabla ya hapo nilikuwa dugsi, nikihifadhi Kurani kwenye ubao. Kiswahili nimekiokota kazini, kwa Wakamba, Wapokomo na Wataita walioletwa huku na kazi za serikali, kwa hiyo mkikuta kimepinda mahali, kisomeni hivyo hivyo. Ninawaandikia nyinyi vijana mnaoitwa wahudumu wa afya ya jamii, mnaotembea na simu na mkoba. Kazi yenu niliifanya kabla haijapata jina. Mimi niliitwa tu yule mama wa kufuata majibu.

Ilianza hivi. Kila nilipofuta meza ya mapokezi nilikuta trei imejaa karatasi za majibu ambazo wenyewe hawakuja kuzichukua. Watu wetu hutoa damu leo, kesho mvua imenyesha mahali, wamehama na wanyama. Mkuu wa Maabara aliniona nikizisogeza ili nifute, akauliza, "Mama Rukia, hawa watu unawajua?" Nikasoma majina polepole, nikamwambia huyu ni wa ukoo gani, na ukoo huo wakati kama huu unanywesha wapi. Akasema usafi atautafutia mtu mwingine.

Karatasi nyingi za kufuatwa zilikuwa za ini. Nikamuuliza hizi herufi, ALT na AST, ni kitu gani. Wapo wenye vyeo ambao wangeniambia nikapige deki. Yeye alivuta kiti, akanifundisha kwa kibuyu cha maziwa.

Ini, alisema, limejengwa kwa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Ndani ya kila chembe kuna vimeng'enya, ambavyo ni kama vibarua wanaofanya kazi za ini, na ALT na AST ni wawili kati yao. Ini likiwa zima, vibarua hao wamo ndani na wachache tu wanaonekana kwenye damu. Chembe ikiumia, inavuja. "Ukiona maziwa chini, unajua kibuyu kimepata ufa. Lakini hujui kama mbuzi amekipiga teke, au jua limekipasua, au kilikuwa kibovu tangu sokoni. Karatasi hii inaniambia ini linalalamika. Hainiambii nani amelipiga."

"Na nambari?"

"Mashine yetu inasema mwisho ni arobaini hivi. Ikiwa hamsini au sitini, usimtishe mtu, mwambie arudi baada ya wiki chache tupime tena. Ikifika mara tatu ya hiyo, anza kuuliza maswali. Ikipita mara tano, usingoje kesho. Na ukikuta macho ya mtu ni ya njano, achana na nambari, mlete."

Nilikariri hayo kama nilivyokariri sura fupi. Nikajifunza pia maswali: kama mtu amepimwa homa ya ini ile ya virusi, kama anakunywa pombe, ambayo usiidhanie haipo kwa sababu mji una misikiti, kama amenenepa ghafla, kama anameza dawa yoyote, ya hospitali au ya miti. Na nikajifunza kwamba mara nyingine ini halimo kabisa katika kesi. Alikuja mzee mmoja kutoka upande wa Wajir, AST yake imepanda sana na ALT imepanda kidogo. Daktari wa wodi alikuwa ameshaandika ugonjwa wa ini. Mkuu wa Maabara akaniambia nimuulize mzee juma hilo alikuwa akifanya kazi gani. Mzee akasema siku nne alikuwa amesimama ndani ya kisima akirusha ndoo juu kwa ajili ya ngamia, na sasa hawezi kuinua mikono kuvaa shati. Kumbe AST inakaa kwenye misuli pia, na misuli ikichanika nayo inavuja. Akaambiwa apumzike wiki moja na arudi. "Kwa hiyo serikali imeniamuru nilale," mzee akasema. "Muandikie mke wangu hiyo karatasi." Aliporudi, nambari ilikuwa imeshuka yenyewe.

Daktari wa wodi hakupenda kusahihishwa na mtu wa maabara. Lakini alilifuta lile neno, na baada ya hapo nilimsikia akiwauliza wagonjwa kazi zao. Huyo naye namsifu.

Baadaye nilipelekwa Dadaab, kwenye kambi za wakimbizi, na kutoka hapo kliniki ya kifua kule Dagahaley. Damu za ini zilichukuliwa kule na kupelekwa maabara ya Garissa kwa gari, ndani ya kasha la barafu. Barabara ile mnaijua. Mara ya kwanza nilipeleka chupa kumi na mbili, na jioni Mkuu wa Maabara akanipigia simu.

"Mama Rukia, umeniletea sharubati."

Damu ikishazungushwa kwenye mashine, maji ya juu yanatakiwa yawe na rangi kama ya majani makavu. Yangu yalikuwa mekundu. Chembe za damu zilipasuka kwa mirusho ya gari, na chembe hizo nazo zina AST yake, kwa hiyo wagonjwa wote kumi na wawili wangeonekana wana maini mabovu. Alizikataa zote. Nilizunguka kambi siku mbili nikiwaomba watu watobolewe tena, na matusi niliyoyasikia sitayaandika. Tangu hapo tulizizungusha damu hapo hapo kliniki kabla ya safari, na kasha nilibeba mapajani, si nyuma ya gari na magunia.

Mkubwa wangu wa Dagahaley alikuwa Tabibu wa Kifua, binti wa Kimeru, mdogo wa mwili, umri wa binti yangu wa nne. Mimi nilimwita Daktari na yeye aliniita Mama. Alikuwa na tabia moja niliyoipenda: akisoma karatasi hakusema kitu mpaka ameisoma mara mbili.

Sasa niwaambie habari ya Habiba, kwa sababu hapo ndipo nilipokosea.

Habiba alikuwa mke mpya wa miaka kumi na tisa, wa wafugaji wa hapa hapa, si wa kambini. Nyumba yao ilikuwa mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka kliniki. Alikutwa na kifua kikuu. Dawa za kifua kikuu ni nzuri na zinaponya, lakini ni nzito kwa ini, kwa hiyo Tabibu alimpima ini kabla ya kuanza. ALT ilikuwa ishirini na nane. Mwanzoni mwa wiki ya kwanza msichana akaanza kutapika. Wiki ya tatu akapimwa tena, ikawa mia mbili na sitini. Hiyo imepita mara tano. Tabibu akasimamisha vidonge siku hiyo hiyo, akampima virusi vya homa ya ini, hakuna, akampima mimba, hakuna. Akanipa fomu, akanituma nyumbani kwake nikaulize maswali yaliyobaki.

Nilifika saa sita mchana. Mume alikuwa amepeleka mbuzi sokoni Garissa. Aliyenipokea ni mama mkwe, Ardo, mwanamke wa rika langu, mwembamba, mgongo umenyooka. Akatandika mkeka, akaleta chai ya maziwa, akakaa. Habiba akakaa nyuma yake. Nikafungua fomu nikauliza, "Umekunywa dawa nyingine yoyote, ya dukani au ya miti?"

Habiba akatazama chini. "Hapana, habaryar." Habaryar ni mama mdogo, ndivyo wasichana wetu wanavyotuita.

Nikaandika hapana. Gari lilikuwa linanisubiri.

Mimi mwenyewe nilipokuwa mke mpya nilikaa karibu mwaka mzima bila kumtazama mama mkwe wangu usoni, na kama mtu angeniuliza mbele yake kitu kilichotoka mkononi mwake, ningejibu kama alivyojibu Habiba. Nililijua hilo kuliko daktari yeyote aliyewahi kuletwa Dagahaley. Lakini nilikuwa nimeshika fomu, na fomu ilinifanya nijione mtu wa ofisi.

Wiki mbili baadaye tulimpima tena. Tulitarajia nambari imeshuka. Ilikuwa mia tatu na kumi.

Tabibu aliisoma mara mbili. Akaigeuza, kana kwamba nyuma kuna kitu. Kisha akasema, "Mama, vidonge tumeviondoa, na nambari imepanda. Kama mwizi ametoka nyumbani na vitu bado vinapotea, utasemaje?"

"Nitasema mwizi yuko mwingine."

"Au walikuwa wawili. Mwingine yumo bado."

Huko nyumbani walikuwa na hesabu yao. Damu ilikuwa imeanza tena kutoka kwenye kikohozi cha Habiba, kwa maana kifua kikuu hakingojei ini lipone. Wanaume wa familia walikaa, wakasema vidonge vya hospitali vimemharibu msichana na hatarudishwa kliniki tena. Kama vidonge vingeachwa kabisa, kifua kingemuua. Kama vingeanzwa tena ini likiwa vile, ini ndilo lingemuua. Alikuwa na njia moja tu, ijulikane ni nini kinachomuumiza.

Nikamwambia Tabibu ukweli. Nilimwambia lile hapana nililiandika mama mkwe akiwa amekaa katikati yetu. Nilingoja maneno. Akanisogezea fomu ile na kalamu.

"Wewe ndiye uliyeandika, Mama. Utaisahihisha mwenyewe, ukijua la kuandika."

Kesho yake nilikwenda bila gari na bila fomu. Nilitoka alfajiri, nikafika wakati wa kukamua. Ardo aliniona kwa mbali, akaendelea na ngamia wake.

"Leo umekuja kwa miguu," akasema. "Wamekunyang'anya gari?"

"Nimekuja kukusaidia kukamua."

"Kwa goti hilo? Kaa usije ukapigwa teke, nikaambiwa nimemuua mtu wa hospitali pia."

Nikakaa. Alipomaliza kukamua aliwasha moto, akabandika maziwa ya chai, na kando yake sufuria ndogo nyeusi. Ndani ilichemka mizizi. Harufu yake ilikuwa chungu, ilishika kooni. Jina la mti huo silitaji, kwa sababu wapo kati yenu watakaokwenda kuutafuta. Ardo akamimina kikombe kimoja akakinywa chote kwa mikupuo mitatu. Akamimina cha pili akampa Habiba. Msichana akafumba macho akanywa.

"Hiyo ni nini, abayo?" nikauliza. Abayo ni dada.

"Hii si ya watu wa hospitali."

"Nimeuliza jina. Sijaomba kuonja."

"Ni ya kusafisha nyongo. Mlimpa vidonge akatapika, nikaanza kumpa kikombe kimoja asubuhi. Mlipoviacha vidonge, nikasema sasa tumtoe sumu yenu yote haraka. Nampa asubuhi na jioni."

Kumbe wakati sisi tulipoondoa vidonge, yeye aliongeza kikombe. Ile nambari ilikuwa na kila sababu ya kupanda.

Sasa sikilizeni, maana wengi wenu hapa ndipo mnapoharibu. Sikumwambia unamuua mtoto wa watu. Mama huyu alikuwa akiamka kabla ya kila mtu kuchemsha ile mizizi. Alikuwa ameiagiza kwa safari ya siku mbili. Kama ningemwambia anamuua, angenifukuza, na angekuwa na haki.

"Ardo," nikasema, "mimi nadhani hii ndiyo inayoliumiza ini lake."

Akacheka. "Nimeinywa tangu mtoto wangu wa tatu, na nimezaa tisa. Nitazame, kisha ujitazame. Nani kati yetu ni mgonjwa?"

"Mimi ni mgonjwa wa goti. Wewe sikujui, hujapimwa."

"Sina haja ya kupimwa."

"Unasema ini lako ni zima. Mimi nasema sijui. Vidonge vyetu hujawahi hata kuvishika, kwa hiyo likikutwa bovu hatutakuwa na cha kusingizia. Njoo utoe damu."

"Na likikutwa zima?"

Hapo ulimi wangu ulinitangulia. "Likikutwa zima, nitakuja hapa mbele ya wanaume wenu niseme kosa ni la dawa zetu, na sitakanyaga tena."

Ardo akamgeukia Habiba, ambaye alikuwa ameacha kutikisa maziwa ili asikie. Kisha akakunja mkono wa nguo yake mpaka kwenye kiwiko, akanyoosha mkono. "Haya. Toa."

"Si hapa, kliniki. Na mpaka majibu yatoke, hiyo sufuria isibandikwe. Kwako wala kwake."

"Unaogopa nini?"

"Naogopa utasema tumedanganya." Nilichotaka kweli ni maini yao yapumzike.

Akakubali kwa jeuri, kwa sababu aliamini atashinda. Tulirudi watatu kwa miguu, Habiba tukimpumzisha kila kivuli.

Tabibu aliposikia ahadi niliyotoa, alifunga mlango wa chumba chake. Hakupandisha sauti, lakini sijawahi kusemwa vile tangu niolewe. "Mama, ini la huyu likiwa zima haithibitishi kitu. Kitu kimoja kinaweza kumpita mtu huyu na kumwangusha yule. Umeweka maisha ya mgonjwa wangu juu ya mkono wa mtu mwingine." Ni kweli. Nyinyi msitoe ahadi ambayo damu ya mtu mwingine ndiyo itakayoitimiza.

Damu ya Ardo ilizungushwa pale pale, maji yakatoka rangi ya majani makavu, safi kabisa. Nikalibeba kasha mapajani hadi Garissa, nikampa Mkuu wa Maabara mkononi. Alikuwa amebakiza miezi michache astaafu. Nikamwambia kisa chote nikiwa nimesimama. Akaniambia nikalale kwangu, mtaa wa Waberi, nirudi kesho. Niliporudi alikuwa ameipima mara mbili, kwa mikono yake, na karatasi ameikunja. Mia moja arobaini na nane.

Nilishukuru Mungu, kisha nikaona aibu, kwa sababu nilikuwa nashukuru mtu kukutwa na ini linaloumia. Mkuu wa Maabara akaona uso wangu. "Shukuru," akasema. "Hilo nalo lilikuwa linavuja, na hakuna aliyelijua."

Niliwakuta Ardo na Habiba mbele ya nyumba. Mume alikuwa amerudi, na shemeji wawili walikaa kando wakijifanya wanafunga kamba. Ardo hajui kusoma. Akaichukua karatasi, akaitazama mbele na nyuma, akaona mimi ndiye nitakayeisoma, na hakulitaka hilo. Akaipitisha nyuma yake bila kugeuka.

"Soma wewe," akasema.

Habiba alisoma hadi darasa la sita. Mpaka siku ile sikuwa nimeisikia sauti yake zaidi ya lile neno hapana. Akasoma kwa sauti ya juu kidogo, wote wakasikia. "Mia moja arobaini na nane, mama."

"Na inatakiwa iwe ngapi?"

"Isizidi arobaini."

Shemeji mmoja akaanza kusema kwamba mashine zinakosea, na Ardo akamkatiza. "Nyamaza. Damu ni yangu, si yako." Kisha akamuuliza Habiba, si mimi, "Kwa nini hukusema unakunywa?"

"Ulikuwa umekaa hapo, mama."

Ardo akaitikia kwa kichwa. Mtu mwingine angekasirika, au angelia. Huyu alinigeukia akasema, "Andika." Nikamuuliza niandike nini. "Dada yangu wa Hagadera nampa mizizi hii. Mke wa kaka yangu nampa. Jirani wawili. Andika majina yao, ukawapime." Sikuwa na karatasi nyingine. Niliyaandika nyuma ya majibu yake.

Katika kazi yangu yote nimeona watu waliosoma wakikutwa na makosa yao wenyewe kwenye karatasi, na nimeona wanavyojikunja na kutafuta wa kumlaumu. Sijaona aliyesimama wima kama mfugaji yule asiyejua kusoma.

Fomu niliisahihisha jioni ile. Nilikata lile hapana kwa mstari mmoja, nikaandika ndiyo, na chini nikaeleza yote kwa herufi zangu kubwa mpaka nafasi ikaisha.

Nambari ya Habiba ilishuka. Baada ya wiki mbili ilikuwa chini ya mia, na kisha ikakaribia hamsini. Tabibu akaanza kumrudishia vidonge, kimoja kimoja si vyote pamoja, na baada ya kila kimoja tulipima damu tuone kama ini linalalamika. Halikulalamika. Mwenye jukumu la kumpa vidonge kila asubuhi nilimfanya Ardo, kwa sababu yule aliyekuwa anaamka kumchemshia mizizi ndiye asiyeweza kusahau. Alivitoa kwa wakati hata siku za mvua.

Walikuja kliniki pamoja, maana ini la Ardo nalo lilifuatwa. La kwake lilishuka polepole kuliko la msichana, na hilo lilimuudhi.

"Yako ngapi leo?" alikuwa akimuuliza Habiba wakiwa kwenye benchi.

"Thelathini na nne."

"Mimi sitini na moja. Una ini la mtoto. Ngoja uzae tisa tuone."

"Sitazaa tisa, mama."

"Hilo utamwambia mwanangu."

Kifua cha Habiba kilipona, na makohozi ya mwisho yakatoka safi. Kati ya wale wanne niliowaandika majina, wawili nambari zao zilikuwa juu, na dada wa Hagadera macho yalikuwa yameanza kuwa ya njano. Huyo tulimfikia kwa wakati, alhamdulillahi.

Nilistaafu mwaka ambao Tabibu alihamishwa. Tulipewa chai na keki siku moja, mimi nikapewa leso na yeye saa ya ukutani. Mkuu wa Maabara alikuwa ameshatangulia kurudi kwao Taita. Hunipigia simu siku za Idi, na bado huuliza habari za watu kwa nambari zao. Watu hao wawili walijua mengi sana, na hawakuona haya kumuuliza mwanamke wa darasa la tatu anafikiri nini. Ndiyo maana nikajifunza.

Sasa nakaa Waberi. Vijana hunijia na karatasi mkononi, wamepauka kwa hofu kwa sababu nambari moja imepigwa nyota, yaani imepita kipimo. Nawaambia warudi wakapimwe tena siku waliyoambiwa, hata kama wanajisikia wazima, na waseme kila wanachokunywa, mpaka kile cha kuongeza mwili wanachouziwa kwenye chumba cha mazoezi. Mtu anayejisikia vizuri ndiye mgumu kumrudisha. Na nyinyi mnaofuata majibu, kabla ya kuuliza, tazameni nani amekaa kati yenu na mgonjwa. Mkitaka kujua anakunywa nini, kaeni mpaka kinywaji kimiminwe. Simu yenu haitawaonyesha hilo, na gari likipiga honi liacheni lipige.

Mwaka huu baada ya Ramadhani Habiba alikuja kunisalimia, amenenepa, na mtoto mgongoni. Ardo alikuja naye. Nikaweka chai. Habiba akachukua kikombe chake, na Ardo akauweka mkono juu ya kikombe hicho kabla hakijafika mdomoni.

"Umetia nini humu?" akaniuliza.

"Majani, maziwa, sukari, iliki."

"Na nini tena?"

"Tangawizi."

"Ya wapi?"

"Ya sokoni. Kwa mama yule wa pembeni."

Akanusa. Akauliza pia kama maji yamechemka. Mimi mwenye nyumba nikajibu moja moja, mpaka aliporidhika akauondoa mkono.